Mbao Zisizo na Nyundo

Kaka yangu Nathanaeli ana namna yake ya kukata ubao. Haanzi na upande wenye nyundo. Nyundo ni ile alama ambayo watu wa misitu huigonga kwenye kichwa cha ubao kwa chuma chenye herufi, baada ya mnunuzi kulipa benki na kuonyesha risiti. Mafundi wengine hapa Shume hawajali. Ubao ukishapita kizuizini, wanaukata popote. Kaka huanza upande wa pili hata kama anachotaka ni mguu mfupi wa stuli, ili kile kichwa chenye herufi kiwe cha mwisho kubaki. Mteja akiuliza mbao zimetoka wapi, anamgeuzia ubao na kumwonyesha.

Mimi ni mdogo wake, Dorkasi. Nilirudi nyumbani baada ya ndoa yangu kuvunjika kule Korogwe, na kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, kaka alinipa kazi ya karatasi. Nilikwenda ofisi ya misitu kuomba mgao wa mbao, nikachukua namba ya malipo, nikapanga foleni benki, nikarudi kufuata hati ya kusafirishia. Kazi hiyo niliifanya vizuri. Lakini karakana yenyewe hakuwahi kuniachia. Hata akienda Lushoto kwa siku moja alifunga mlango na kuondoka na ufunguo mfukoni.

Ninayoandika ni habari ya mbao nane, ya mtu aliyezileta, na ya siku mbili ambazo nilijua alipo nikanyamaza.

Mtu huyo ni Salimu. Nyumba yake iko chini ya yetu, ng'ambo ya shamba la njegere. Alilima kabichi, na kabichi zikikosa bei aliingia msitu wa asili kupasua mbao kimyakimya pamoja na mwenzake Kassimu. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Nilikuwa nikipita na faili langu kwapani, yeye akiwa kwenye matuta yake, ananyoosha mgongo na kuita mpaka majirani wasikie:

"Mama Risiti huyo! Leo umeshailipia na hewa unayovuta?"

"Cheka tu. Siku watakayokukamata nitakuletea uji."

"Uji wenye risiti au usio na risiti?"

Mkewe Saumu alikuwa akitoka jikoni na kumkemea, "Mwache mwenzio apite, ana kazi ya maana." Kisha na yeye anacheka. Saumu na mimi ni wa rika moja. Tulisoma pamoja mpaka darasa la saba.

Mwezi wa tano mwaka juzi kaka alipata kazi ya kuezeka nyumba ya wageni huko Mombo, wiki tatu. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni mwa karakana, akaushika ufunguo kidogo, kisha akanipa.

"Usipokee kazi kubwa," alisema. "Stuli, vitanda vidogo, basi."

"Sawa kaka."

Siku ya nne alikuja mama mmoja kutoka Lushoto mjini. Alikuwa anamalizia nyumba na alitaka milango sita kabla ya kipaimara cha binti yake. Alikuwa ameshazunguka kwa mafundi watatu. Nilijua ninachopaswa kumjibu, lakini akilini nilimwona kaka akirudi kutoka Mombo na kukuta milango sita imesimama ukutani, imepigwa randa na msasa, na vijana wawili wa kutwa niliowasimamia mwenyewe. Nikamwambia mama yule alete malipo ya awali.

Kesho yake nilikwenda ofisini. Yule dada wa dirishani, ambaye tunajuana, alitikisa kichwa kabla sijafungua faili.

"Mgao umeisha, Dorkasi. Subiri mwezi ujao."

"Hata mbao ishirini?"

"Hata moja. Njoo tarehe tano."

Tarehe tano kipaimara kitakuwa kimepita. Nilirudi nikipita kwenye matuta ya kabichi, na safari hii ni mimi niliyesimama.

Salimu alinisikiliza bila kunitania. Alifuta tope kwenye jembe kwa kidole gumba.

"Mkulo upo," alisema. "Nane ziko tayari. Lakini kwangu ni mkono kwa mkono. Karatasi unazijua wewe, mimi najua mti."

Mkulo ni mti wa milima yetu, mti mkubwa wa msitu wa asili, na mbao zake hunukia dawa, ile harufu kali ya mafuta ya kuchua kifua. Kuukata ni marufuku. Alizileta Jumatatu asubuhi katika ukungu, akipita katikati ya njegere, mbao mbili kila safari.

"Fungua huku nyuma, dada. Mbele kuna macho."

Harufu iliingia kabla yake. Zilikuwa mbao nzuri, pana, rangi ya chai ya maziwa. Niligeuza kichwa cha ya kwanza kutazama, kwa mazoea tu, kisha nikajionea haya. Palikuwa peupe. Alama ya meno ya msumeno na utomvu kidogo, basi.

Nilimpa fedha zimefungwa kwenye gazeti. Akazitia kwenye koti bila kuzifungua.

"Huhesabu?"

"Nikuhesabie wewe, Mama Risiti? Hata ukinipunja, nitakwenda kukushtaki wapi?"

Tulicheka sana. Nakumbuka niliegemea meza ya randa kwa kucheka.

Kisha nikapima mbao zile kwa macho nikaona hazitatosha.

"Nahitaji kumi nyingine. Kabla ya Ijumaa."

"Kumi?" Alikuna shingo. "Zipo zilizopasuliwa, lakini bado ziko juu ya shimo, zimelaliwa na nusu ya gogo. Na Kassimu amerudi Bulwa kuchuma chai. Kulisogeza lile ni kazi ya watu wawili."

Wasiojua kazi hiyo niwaeleze. Gogo hulazwa juu ya shimo lenye kina cha mtu. Mmoja husimama juu yake, mwingine shimoni, wakavutana msumeno mrefu. Kwenye shamba la miti la serikali hakuna anayeingia peke yake. Getini kuna daftari, jina lako linaandikwa, na jioni majina yanaitwa tena mmoja mmoja. Salimu hakuwa kwenye daftari lolote.

"Nitaongeza," nikasema.

Neno hilo moja. Alizitazama zile nane, akatazama mlango wa mbele uliofungwa, akasema, "Haya. Kesho."

Jumanne alipita mapema, jua halijatoka kwenye ukungu. "Onga makeo, Mama Risiti," alinisalimia kwa kilugha chetu. Alikuwa na panga, kamba, na mfuko wa plastiki wenye mahindi ya kuchemsha. Koti lake la bluu lilikuwa limefungwa vifungo mpaka juu. Simu hakuwa nayo, alikuwa ameiacha nyumbani mvua isiiharibu.

"Nakwenda bonde la nyuma ya Jiwe la Kobe," alisema. "Jioni ufungue huku nyuma. Na Saumu usimwambie ni wapi. Atanisomea dua mpaka nishindwe kutembea."

Nikamwambia, "Nenda salama." Nilikuwa na haraka ya kuwasha moto.

Mchana ule gari la doria la watu wa misitu lilipanda na kushuka mara mbili. Nilitandika turubai juu ya mbao na kuweka magunia ya maranda juu yake. Jioni niliacha mlango wa nyuma wazi. Mvua ilinyesha. Aliyekuja alikuja kwa mlango wa mbele, naye alikuwa Saumu, amejitanda kanga mbili, simu ya mumewe mkononi.

"Dada Dorkasi, Salimu hajapita hapa?"

Nilikuwa nimesimama kati yake na turubai.

"Hapana," nikasema. "Sijamwona tangu jana."

"Ametoka alfajiri. Nilidhani labda mmeonana njiani." Alivuta pumzi. "Karakana yenu leo inanukia."

"Vanishi."

"Ahaa." Aliitazama simu kama vile ingeweza kulia. "Nahisi ameshuka Mombo. Lakini angeniambia."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema hapana. Sikukaa nikapanga. Lile gari la doria lilikuwa bado kichwani, na leseni ya kaka iliyotundikwa ukutani ndani ya kioo, na ule ufunguo. Nilijiambia Salimu amejificha kwa sababu ya doria, atashuka usiku, na kesho tutacheka. Nilijiambia kwamba kunyamaza ndiko kumlinda. Hayo yote niliyasema baadaye. Pale mlangoni neno lilitoka lenyewe, jepesi, na likishatoka lile la kwanza, la pili si kazi.

Jumatano saa sita Saumu alirudi. Macho yake yalikuwa mekundu. Wanaume wa msikitini walikuwa wamempigia Kassimu, na Kassimu akasema yuko Bulwa na hajui chochote. Kijijini watu walishaanza kusema Salimu ana mwanamke mwingine Soni.

"Hakukwambia chochote? Ninyi mnataniana kila siku. Hata kwa utani?"

"Hakuniambia, Saumu. Ningekwambia."

Alinishika mkono akashukuru. Mkono wake ulikuwa wa baridi na ulinuka kitunguu, alikuwa ametoka kupika chakula ambacho hakuna aliyekila.

Alipoondoka nilichukua kikapu kama mtu anayekwenda kutafuta mboga, nikapanda. Jiwe la Kobe liko pale njia ya msituni inapogawanyika, mwendo wa karibu saa nzima kutoka kwetu. Ni jiwe kubwa la mviringo lenye kuvu mgongoni. Nilisimama hapo. Chini upande wa kushoto lilikuwa bonde lake, limejaa ukungu mpaka ukingoni. Nilisikiliza. Matone yalidondoka kutoka jani hadi jani. Nilifungua mdomo nimwite, nikaona kwenye tope alama mpya za viatu vya mabuti, viatu vya doria, nikaufunga. Nilisema moyoni, nikiita watanisikia wao. Sijui nilisimama muda gani. Kikapu kilijaa maji. Nikateremka.

Alhamisi saa tatu asubuhi kaka alitokea bila taarifa. Bati zilikuwa zimechelewa kufika, kwa hiyo alikuja kubadilisha nguo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Akaingia karakana. Alisimama katikati, pua juu. Akaondoa magunia, akaondoa turubai, akainama kutazama kichwa cha ubao wa kwanza, cha pili, cha tatu, vyote vinane, kimoja baada ya kingine, kana kwamba pengine kimojawapo kingekuwa tofauti.

"Dorka. Mbao hizi za nani?"

"Za Salimu."

"Na Salimu yuko wapi? Huko njiani nimeambiwa anatafutwa."

Nikamwambia. Bonde, Jiwe la Kobe, Jumanne. Nilidhani atanipiga, ingawa hajawahi kunipiga maishani. Aliuliza jambo moja tu.

"Leo ni Alhamisi?"

Akatoka mbio, mtu wa miaka hamsini na mbili mwenye goti bovu, kuelekea msikitini.

Walimpata saa saba mchana. Nusu ya gogo ilikuwa imeteleza kwenye magogo ya kuegemea na kumbana mguu wa kulia dhidi ya ukuta wa shimo. Kaka aliniambia yote, kwa sababu nilimwomba aniambie yote. Zile mbao kumi zilikuwa zimeshatolewa, zimepangwa pembeni na kufunikwa majani ya kangaga. Alikuwa amemaliza kazi. Inaelekea aliteremka shimoni kuchukua kamba. Koti la bluu lilikuwa limefungwa kwenye ncha ya ufito, na ufito umechomekwa ukingoni mwa shimo, juu, ili lionekane. Chini ya mguu alikuwa amefukua udongo kwa mpini wa panga mpaka akakuta mwamba. Magunzi ya mahindi yalikuwa mawili, na hindi la tatu alikuwa amekula nusu tu na kuifunga nusu ya pili vizuri kwenye mfuko. Mwili haukuwa umekaa muda. Mganga wa zahanati aliyeutazama alisema ni usiku wa kuamkia siku ile, au alfajiri yake.

Kwa hiyo Jumatano alasiri, nilipokuwa na kikapu changu, alikuwa hai.

Kaka aliwaambia watu, "Dada yangu amekumbuka kuwa alimwona akielekea kule." Amekumbuka. Ni neno alilonitafutia njiani akikimbia, kunifunika. Watu wakanipa pole, wakasema Mungu amenikumbusha. Saumu mwenyewe, siku ya msiba, alinikumbatia mbele ya wanawake wote akasema, "Bila wewe tusingempata mpaka leo." Nilikaa kwenye mkeka wake siku tatu. Nilimenya ndizi, nikaosha masufuria, nikachota maji. Kila aliyenisifu nilimjibu kwa kuinamisha kichwa, na wakaona ni majonzi.

Kaburi la Kiislamu hufunikwa mbao juu ya mwanandani, ule mfuo anamolazwa maiti, kabla ya udongo kurudishwa. Walikuja kuuliza kama karakana ina mbao. Kaka alitoa mbao zake za mvinje alizokuwa anazitunza, akazikata yeye mwenyewe, saba, akizipima kwa kamba waliyomletea. Siku hiyo hakuangalia anaanza upande gani. Vichwa vyenye nyundo vilianguka kwenye maranda pamoja na vingine, na hakuna aliyeviokota.

Mbao za mkulo alizipakia kwenye gari la kukodi, zote kumi na nane, zetu nane na zile kumi zilizoteremshwa kutoka bondeni, akazipeleka ofisini mwenyewe na kusema zimekutwa kwake. Alilipa faini, akapewa risiti yake. Karakana ilifungiwa miezi mitatu. Yule mama wa Lushoto nilimrudishia chake, na sikumwona tena. Kaka hakunilaumu hata siku moja. Ufunguo hakuuomba. Aliacha tu uning'inie kwenye msumari karibu na mlango, mimi nisiuguse, na yeye asiuguse.

Tangu hapo harufu haikutoka. Tulifagia, tukamwaga maji ya majivu, tukaacha milango wazi siku nzima, na kaka akasema mimi ndiye ninayeisikia peke yangu. Ilikuwa kwenye kanga zangu zilizotoka kufuliwa. Ilikuwa kwenye kitabu cha nyimbo kanisani, nikikifungua. Na kwenye shamba la njegere ulibaki mstari pale alipopita na mbao. Mmea uliokanyagwa huinuka, njegere huinuka upesi. Mstari ule kila asubuhi ulikuwa umelala, mbichi, na umande umepukutishwa, kama mtu amepita sasa hivi. Nilimwonyesha kaka.

"Ni mbuzi," alisema.

"Mbuzi wa nani?"

Alikwenda akasimamisha miti ya kuzuia mbuzi, na mstari ukaendelea kulala.

Saumu alikuwa ndani, anakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki bila haja. Nilimpelekea maji na kuni, na kila nilipoweka ndoo mlangoni alisema kutoka ndani, "Mungu akulipe, dada." Nilianza kuiogopa sauti hiyo kuliko kitu kingine chochote. Nilihesabu siku zake pamoja naye. Nilijua kwamba akitoka tu, atakuja kuniuliza Salimu alikuwaje asubuhi ile, alivaa nini, alisema nini, kwa sababu mimi ndiye mtu wa mwisho aliyemwona, na wafiwa huulizia hayo. Na ningehitaji uongo mwingine, na mwingine wa kuushikilia huo.

Siku ya pili baada ya eda kuisha nilishuka mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anapepeta maharage. Amekonda. Alitabasamu.

"Karibu. Vuta mkeka."

"Nitasimama, Saumu."

Akaacha kupepeta.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Mbao nane. Fedha kwenye gazeti. Kumi nyingine, na neno nitaongeza. Kwamba aliniambia bonde. Kwamba nilisema hapana Jumanne, na nikasema hapana Jumatano, na turubai lilikuwa nyuma yangu. Kwamba nilipanda mpaka Jiwe la Kobe na sikuita.

Hakulia. Aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa. Akaokota jingine.

"Ulikuwa unanunua mbao," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Wewe. Na faili lako."

"Ndiyo."

"Nilikushika mkono. Nilikushukuru mbele za watu." Sauti yake haikupanda. "Nilikuombea, Dorkasi. Miezi yote minne, kila swala. Salimu kwanza, halafu wewe."

"Nisamehe."

"Usinipe hilo neno sasa. Sijui pa kuliweka." Alipepeta tena mara mbili, tatu, kisha akauweka ungo chini. "Wanasema alikufa upesi. Mganga, shehe, kaka yako, wote. Wananiambia hakuteseka, na hata kama angeita, bonde lile haliachii sauti. Wewe ulisimama pale. Nataka unipeleke."

"Ni msitu wa hifadhi. Hawaruhusu."

"Basi tutaomba ruhusa. Sitaingia kule kwa kujificha."

Tulikwenda ofisini asubuhi ya pili. Dada wa dirishani alitutazama mmoja mmoja, akafungua daftari kubwa. Aliandika majina yetu na saa ya kuingia.

"Sababu ya kuingia?"

Saumu akanitazama mimi. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya mafundi, wote ninawajua.

"Mumewe alifia huko," nilisema. "Alikwenda kunitolea mbao. Nilizinunua kwake bila kibali. Aliniambia anakwenda wapi, nami nilificha."

Kalamu ya dada yule ilisimama. Nyuma mtu mmoja alisema, "Eee, Dorkasi," polepole. Dada akaandika kitu kifupi, sikukisoma, akatupa askari wa misitu wa kutusindikiza, mzee mpole aitwaye Bakari.

Ukungu ulikuwa umepanda, kulikuwa na jua jembamba. Kwenye Jiwe la Kobe Saumu aliuliza, "Hapa?"

"Hapa."

"Miguu yako ilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha. Akapaangalia mahali hapo muda mrefu, kisha tukateremka kushoto, Bakari mbele akikata kangaga. Shimo lilikuwa bado lipo, na maji yanafika kwenye vifundo. Gogo walikuwa wameliondoa. Saumu alivua kandambili, akashika mizizi, akateremka ndani kabla Bakari hajamzuia.

"Mama, utaumia."

"Siumii."

Alisimama pale, ukingo usawa na paji la uso wake. Akagusa ukuta wa udongo mahali palipofukuliwa. Aliingiza mkono kwenye lile tundu mpaka kiwiko. Kisha akaniambia bila kugeuka:

"Rudi kwenye jiwe. Simama pale pale. Nitaita. Si kwa nguvu zangu zote. Nitaita kama mtu aliyeshinda humu na kulala humu. Halafu uje uniambie."

"Saumu..."

"Nenda."

Nilipanda peke yangu. Sikugeuka. Nilifika kwenye jiwe nikaweka miguu pale, mgongo kwenye kuvu, uso kwenye bonde. Kwa muda kulikuwa kimya kabisa, nikaanza kuomba. Niliomba isifike. Niliomba miti iwe minene, na bonde liwe refu kama walivyomwambia. Niliomba kama sijawahi kuomba, kwa ajili yake, na Mungu ananijua, kwa ajili yangu zaidi.

Ikafika. Haikuwa kubwa. Ilikuja chinichini, imechoka, imepita katikati ya miti yote ile ikafika nzima nzima, na nikaweza kusikia hata alichoita. Hakuita jina la Salimu. Aliita, "Dada! Dada, niko huku!" Akanyamaza. Akaita tena. Basi na mimi Jumatano ile ningeita, Salimu angenisikia.

Nilijua kwamba nina mwendo wa robo saa kabla ya kumfikia, na kwamba katika robo saa hiyo ninaweza kupata neno jepesi. Kaka angelipata. Shehe alikwisha kulipata. Ni neno ambalo lingemwezesha kulala.

Niliteremka. Alikuwa ameshatoka shimoni, ameketi ukingoni, miguu imejaa tope. Bakari alikuwa amesimama mbali, kofia mkononi.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Maneno?"

"Yote. Mara zote mbili."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea mzigo ambao alijua uzito wake. Akavaa kandambili moja, ya pili ikamponyoka matopeni. Nilipiga magoti nimvalishe, naye akanyoosha mguu akaniachia. Kisha akainuka, akatangulia kupanda. Mimi nikafuata nyuma, mbali kidogo, kwa sababu hakusema nikae karibu.